Kisukari na Mgonjwa wa Kiharusi Hospitalini

Mada ya leo ni kiharusi kinapompata mtu ambaye tayari anaugua kisukari.

Aghalabu kiharusi hutokea pale donge la damu linapoziba mshipa wa ubongo. Sehemu iliyokosa damu kabisa hufa, na ile inayoizunguka hubakia dhaifu, ama iokolewe ama ipotee. Sukari ikizidi katika damu saa hizo, uvimbe wa ubongo huongezeka, na mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha donge huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu kichwani. Isitoshe, kisukari cha miaka mingi huwa kimekwisha kuchakaza mishipa na kupunguza kinga ya mwili. Ndiyo maana mgonjwa huyu hupatwa upesi na maambukizi, na huchelewa kurejewa na nguvu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba dawa ni kuishusha sukari kwa nguvu. Jambo hilo lilipimwa nchini Marekani katika utafiti uitwao SHINE, uliotangazwa mwaka 2019, kwa wagonjwa 1,151. Kundi moja lilipewa insulini kwa dripu ili sukari iwe kati ya miligramu 80 na 130 kwa desilita. Kundi la pili lilichomwa sindano za kawaida ili isifike 180. Baada ya siku 90, nafuu ya makundi hayo haikutofautiana. Hata hivyo, asilimia 2.6 ya wagonjwa wa kundi la kwanza walishukiwa mno na sukari, hali isiyompata hata mmoja katika kundi la pili. Nayo sukari ikishuka kupita kiasi huudhuru ubongo.

Kilicholeta manufaa ni uangalizi. Katika jimbo la New South Wales, Australia, vitengo 19 vya kiharusi vilishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011. Wauguzi wa baadhi ya vitengo hivyo walifuata utaratibu maalumu wa kudhibiti homa, sukari na matatizo ya kumeza kwa saa 72 za mwanzo. Miongoni mwa wagonjwa wao, waliofariki au kubaki wakitegemea wengine baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42, ilhali kwingineko walikuwa asilimia 58.

Jamaa wa mgonjwa nao wana wajibu. Wawataarifu madaktari dawa zote anazotumia, na wasimpe chai, uji wala maji kabla hajapimwa uwezo wa kumeza. Wanaopeana habari kwa simu kutoka nchi mbalimbali wakumbuke pia kwamba vipimo hutofautiana: 10 inayosomwa Uingereza ndiyo 180 ya Marekani. Tarakimu isiyotajiwa kipimo chake yaweza kuzusha hofu bure, au kuificha hatari.