Kituo cha Mwisho Kisipotee: Mada kwa Vijana wa Kata ya Chanzuru, Kilosa

Leo sina hotuba ya jukwaani. Nataka tuongelee namba.

Mwaka 2022 wenzetu Kenya, tume yao ya IEBC iliweka mtandaoni Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Kijana yeyote mwenye kompyuta aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Sisi tunategemea nakala za mawakala: ya Rais, ya Mbunge, ya Diwani. Fomu moja ikikosekana, hesabu yetu haina miguu.

Sasa tuseme jimbo lina vituo 23. Usiku ule ujumbe unaingia kwenye grupu: “Fomu tunazo, 1-14, 17, 20-23.” Watu wanashangilia. Lakini zipi hazipo? Macho yamechoka, simu ina asilimia tatu. Hapo ndipo unaipa kompyuta kazi. Ila kompyuta haijui kwamba 1-14 ni namba kumi na nne. Kwake hayo ni maandishi tu. Lazima uyafungue yawe orodha, ambayo wataalamu wanaiita safu. Kwa Python:

orodha = []
for kipande in "1-14, 17, 20-23".split(","):
    ncha = kipande.split("-")
    orodha.extend(range(int(ncha[0]), int(ncha[-1]) + 1))
print(sorted(set(range(1, 24)) - set(orodha)))

Mstari wa pili unakata ujumbe kwenye mikato. Wa tatu unakata kila kipande kwenye kistari. Wa nne unageuza maandishi kuwa namba na kujaza zote za katikati. 17, iliyo peke yake, inakuwa mwanzo na mwisho wake yenyewe. Wa mwisho unatoa tulizonazo kwenye zinazotakiwa. Jibu: [15, 16, 18, 19]. Basi unajua mawakala wanne wa kuwapigia sasa hivi, siyo kesho.

Angalieni ile + 1, jamani. Kwenye Python, range(20, 23) inaishia 22. Ukiisahau, vituo 14, 17 na 23 vitaonekana havijaleta fomu wakati mawakala wake wamekesha nazo. Na ukiandika range(1, 23) kwenye mstari wa mwisho, kituo cha 23 hakitahesabiwa kabisa. Hata fomu yake isipofika, hakuna atakayeuliza. PHP yenyewe inahesabu ncha zote mbili. Kwa hiyo ukibadilisha lugha, jaribu kwanza kwa namba chache unazoweza kuzihesabu kwa vidole.

La mwisho ni letu sisi, siyo la kompyuta. Anayeandika “1-14” anasema hata fomu ya 9 ameiona. Kama ameona ya kwanza na ya mwisho akaweka kistari katikati, programu itamwamini, na sisi tutasimama mbele ya watu na madai tusiyoweza kuyathibitisha. Wanaotulaumu kwamba tunalalamika bila ushahidi watakuwa wamepata sababu.

Kwa hiyo wakala, usiandike kistari mpaka umeshika kila karatasi. Na wewe wa kompyuta, anza mazoezi leo kwa namba za vituo vya kata yako. Usiku wa matokeo siyo wa kujifunzia.