Mama Fua, Mali Iliyopotea na Mzigo wa Kuthibitisha

Katika wadi ya Kware, Embakasi Kusini, Nairobi, familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha ghorofa ya kupanga. Hakuna nafasi ya kumlaza mfanyakazi wa nyumbani, wala mshahara wa kumweka mwezi mzima. Kazi ya kufua na kupiga deki humwendea mama fua, anayekuja siku moja kwa wiki, akalipwa papo hapo na kuondoka. Kitu kikikosekana, jina lake ndilo hutajwa kwanza. Hoja yangu ni kwamba desturi hii ina kasoro ya kimantiki kabla ya kuwa na kasoro ya kisheria: humgeuza mtu aliyekuwa na nafasi ya kuiba kuwa mtu aliyeiba, kisha humtaka yeye ajisafishe, badala ya kumtaka anayeshutumu athibitishe.

Tutazame jinsi vitu vinavyopotea katika ploti zetu, yaani majengo haya ya kupanga. Nguo zikishafuliwa hupandishwa juu ya paa na kuanikwa kwenye kamba zinazotumiwa na wapangaji wa ghorofa zote. Zinashinda huko hadi jioni, pengine hadi kesho yake, na kila mwenye beseni anapita hapo. Chumbani nako, kufuli huwa na funguo zaidi ya moja: mke ana wake, mume ana wake, na binamu aliyekuja kutafuta kazi mjini amepewa wa tatu. Fundi wa stima alifunguliwa mlango juzi. Kisha mpangaji anagundua Jumapili asubuhi kwamba suruali ya kanisani haipo, na kufua kulifanyika Jumatano. Katikati hapo zimepita siku nne na watu wasiohesabika. Kwa nini basi akumbukwe mama fua peke yake? Kwa sababu siku yake ililipiwa, na iliyolipiwa haisahauliki. Wageni wengine waliingia bila gharama, wakatoka bila kuacha alama akilini. Kwa hiyo tunachokiita ushahidi mara nyingi ni kumbukumbu iliyochagua yenyewe cha kukumbuka.

Sheria yetu haipuuzi wizi wa mfanyakazi. Kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa hadi miaka 7 jela kwa mtumishi anayemwibia mwajiri wake, ilhali adhabu ya kawaida ya wizi, kifungu cha 275, ni hadi miaka 3. Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta mfanyakazi kwa kushukiwa tu kuwa ametenda kosa la jinai dhidi yake. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Lakini kifungu hichohicho kinataka shaka hiyo iwe na misingi ya maana na ya kutosha, na kifungu cha 41 kinataka mshukiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kusema "ni yeye tu aliyekuja" si msingi wa kutosha, hasa pale ambapo si kweli kwamba ni yeye tu.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni ya walioajiriwa kwa mkataba, si ya kibarua wa siku moja. Pingamizi hili lina uzito: mama fua wengi hawana karatasi yoyote, na kumpeleka mwajiri wa siku moja mahakamani kwa kumwachisha kazi ni vigumu. Hata hivyo, haki ya kuhesabiwa kuwa huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, iliyomo katika kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010, na haki ya heshima, kifungu cha 28, haziulizi kama umeajiriwa kwa siku au kwa mwaka. Na ukimkatalia mama fua malipo ya siku kwa madai ya fidia, jua kwamba Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, imetaja makato yanayoruhusiwa na kuyawekea kikomo cha thuluthi mbili ya ujira. Kuchukua yote hakumo.

Wengine watajibu kwamba wizi hutokea kweli, na kwamba mwajiri wa Kware naye si tajiri. Simu ikipotea, imeondoka na mtaji wake wa kuuza mboga. Nakubali yote mawili. Wako wanaoiba, na anayeibiwa ana haki ya kukasirika. Ila linganisheni hasara. Mama fua hupata kazi kwa kutajwa na mteja mmoja kwa mwingine, mlango hadi mlango. Neno "mwizi" likisemwa koridoni saa mbili asubuhi, kufikia jioni ploti tatu zimeshafunga milango. Na katika mitaa yetu neno hilo likipigiwa kelele barabarani linaweza kuita umati na mawe, kosa ambalo halirekebishiki suruali ikipatikana chini ya kitanda.

Dawa ni hesabu kabla ya lawama. Mwenye nguo azihesabu pamoja na mama fua anapokabidhi na anapopokea, mifuko ikaguliwe mbele ya wote wawili, na pesa na simu zisiachwe mezani. Kitu kikikosekana, aulizwe faraghani, naye apewe nafasi ya kujibu. Kumvua nguo au kumpekua mkoba kwa nguvu kusifanyike. Shaka ikibaki, mwenye mali aandikishe ripoti polisi ili wachunguzi wafanye kazi yao. Ninawaomba wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mtaa, walioko hapa wasikubali kusikiliza shutuma yoyote ya aina hii mpaka mambo mawili yatimizwe: mshukiwa awepo, na ujira wake wa siku hiyo uwe umeshalipwa.