Tulivyouzunguka Mji wa Vienna kwa Tramu

(Mazungumzo ya mwanachama wa reli katika mkutano wa tawi)



Tuliahidi kwamba tukirudi salama tutawaeleza tuliyoyaona. Habari za mafunzo yenyewe ya chama zimo katika taarifa ya Katibu, kwa hiyo hatutazirudia. Wengi mmetuuliza njiani, "Mliona nini Ulaya?" na wengine mmeuliza kama tulileta zawadi. Zawadi hatukuleta. Fedha zetu za matumizi zilikuwa kidogo na teksi za kule hazina huruma. Lakini tulipewa siku mbili za mapumziko, na sisi watu watatu tukauzunguka mji mkuu wa Austria kwa treni na tramu, na hiyo ndiyo habari ya leo.

Ukifika uwanja wa ndege wa Vienna utakuta treni za namna mbalimbali. Iko ya haraka, yenye nauli kubwa, na iko ya kawaida iitwayo S7, ambayo husimama kila stesheni. Sisi tulichukua S7 pamoja na watu wanaokwenda kazini. Mtu wa reli hapendi kupita stesheni bila kuiona.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza si majumba. Ni kukosa geti. Stesheni za treni za chini ya ardhi ziko wazi kama uwanja wa mpira, hakuna mlango wa kukuzuia wala karani wa kukata tiketi. Unanunua tiketi yako, unaitia mara moja katika kisanduku kidogo kinachopiga muhuri wa saa, basi, umemaliza. Tiketi hiyo moja inakuchukua katika treni, katika tramu na katika basi. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake hapa ni mkaguzi wa tiketi, alicheka akasema, "Hapa watoto wangu wangelala njaa." Kumbe wakaguzi wapo, ila huvaa nguo za kawaida, hukaa kama abiria, kisha husimama ghafula. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kuingia na tiketi zisizopigwa muhuri. Mama mmoja mzee alituvuta mkono akatuonyesha kisanduku. Hatukujua lugha yake, lakini kidole chake tulikielewa.

Tuliambiwa pia habari ya tiketi ya mwaka. Mwaka 2012 mji uliiteremsha bei yake ikawa Euro 365, yaani Euro moja kwa siku, na watu wengi sana wakainunua. Ndugu zetu wanaokaa mbali na kazi na kulipa matatu mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, wapige hesabu wenyewe.

Sasa tramu. Upana wa njia yake ni milimita 1,435, sawasawa na reli yetu mpya ya Mombasa, siyo ile ya mita moja tuliyorithi. Tramu nyingi zina kichwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwisho wa njia huzunguka kitanzi na kurudi. Na zile ziitwazo ULF sakafu yake iko chini sana, haifiki sentimita 20 kutoka chini, hata mama mwenye gari la mtoto anaingia bila kusaidiwa. Tuliinama kutazama magurudumu yamefichwa wapi, mpaka watu wakaanza kututazama sisi.

Njia kuu ya kuuona mji ni barabara iitwayo Ring. Zamani mji ulikuwa na kuta nene, nazo zilihitajika, maana majeshi ya Waturuki yaliuzingira mwaka 1529 na tena 1683. Mwaka 1857 Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta zibomolewe, na mahali pake pakafanywa barabara pana ya kuuzunguka mji wa kale. Ilifunguliwa mwaka 1865. Mpaka mwaka 2008 tramu namba 1 na namba 2 zilikuwa zikizunguka duara zima; sasa hakuna namba ya kawaida inayofanya hivyo, ni lazima ubadilishe gari. Hilo si tatizo ukiwa na tiketi ya siku.

Katika safari hiyo utaona Chuo Kikuu, jumba la Halmashauri ya Mji lenye mnara mrefu, majumba mawili ya makumbusho yanayofanana kama mapacha, na jumba la Opera lililofunguliwa 1869. Wenye vitabu vya safari hukutajia mjenzi wa kila jumba. Sisi tuliuliza nani alifyatua matofali. Tulijibiwa kwamba wengi walikuwa maskini waliotoka Bohemia na Moravia, waliofanya kazi katika viwanda vya kusini ya mji. Mwaka 1888 daktari mmoja, Victor Adler, alikwenda huko akaandika katika gazeti lake namna walivyolala wamesongamana, na walivyolipwa kwa vipande vya bati ambavyo havikubaliwi dukani popote ila katika duka la kiwanda. Mwaka uliofuata aliandika juu ya madereva wa tramu, ambao zamu yao ilipita masaa 16 kwa siku. Tramu wakati huo zilikuwa za farasi na za makampuni. Madereva waligoma mwezi wa Aprili 1889. Gazeti la Adler likapigwa marufuku, naye akashtakiwa. Tukiwa tumeketi katika tramu safi na yenye joto tulisikia haya, na kiti kikawa kigumu kidogo.

Tulishuka kwenye Bunge. Ni jumba jeupe lenye nguzo za Kiyunani, la mwaka 1883. Hapa tafadhali sikilizeni vizuri, maana habari hii inatuhusu sisi watu wa reli.

Tarehe 1 Machi 1933 wafanya kazi wa reli wa Austria waligoma kwa masaa mawili. Sababu yake kila mtu hapa ataielewa bila mkalimani: reli haikuwa na fedha, ikasema mshahara wa mwezi utalipwa kwa mafungu matatu. Serikali ikataka kuwaadhibu waliogoma. Tarehe 4 Machi Bunge likakutana juu ya jambo hilo. Pande mbili zilikaribiana sana kwa hesabu, ukatokea ubishi juu ya karatasi za kura, na Spika wa kwanza akajiuzulu. Wa pili akafuata, na wa tatu naye akafuata. Bunge likabaki halina mtu wa kulifunga wala wa kulifungua. Chansela Dollfuss akasema Bunge limejiondoa lenyewe, akatawala kwa amri. Tarehe 15 Machi, wabunge walipojaribu kukutana tena, polisi walitumwa kuwazuia. Basi nchi nzima ilipoteza Bunge lake katika kikao kilichoitwa kwa ajili ya mshahara wa watu wa reli.

Kutoka Opera ni hatua chache mpaka Karlsplatz, na pale tulipanda treni ya U4 mpaka mwisho wake, Heiligenstadt. Njia hiyo ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na stesheni zake zilichorwa na Otto Wagner. Mtu yule alichora hata vyuma vya kuegemea. Ukitoka stesheni unakutana na ukuta wa nyumba usio na mwisho. Hiyo ni Karl-Marx-Hof, iliyojengwa na Halmashauri ya Mji ikafunguliwa 1930: urefu wake unapita kilomita moja, na nyumba zilizokuwamo ni 1,382. Fedha zake zilitokana na kodi ya nyumba, ambayo wenye majumba makubwa walitozwa zaidi. Ndani yake mlikuwa na mabafu, mahali pa kufulia nguo, shule za watoto wadogo na maktaba. Hatukukaa Muthurwa sote, lakini baba zetu walikaa, chumba kimoja watu sita na bomba moja nje. Tulisimama chini ya mlango ule mwekundu wenye upinde, tukahesabu madirisha, hatukusema kitu.

Nyumba hizo zilipigwa mizinga. Tarehe 12 Februari 1934 mapigano yalianza mji wa Linz, na Vienna wafanya kazi wa umeme wakazima mitambo kabla ya saa sita mchana. Tramu zikasimama njiani zilipokuwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya mgomo mkuu. Lakini treni hazikusimama. Treni ziliendelea kwenda, na serikali ikaweza kusafirisha askari wake. Baada ya siku chache yote yalikwisha. Mamia walikufa, vyama vya wafanya kazi vikapigwa marufuku, na mtu mmoja, Karl Münichreiter, alinyongwa akiwa majeruhi, amebebwa kwa machela.

Hapo tuligombana sisi kwa sisi. Mmoja wetu alisema watu wa reli waliwauza wenzao. Mwingine akasema hapana, wale walikuwa wameadhibiwa mwaka mmoja tu nyuma kwa mgomo wa masaa mawili, na mtu akishapigwa akiwa peke yake, usimlaumu kwa kuogopa. Tulibishana mpaka giza likaingia, na mabishano hayo tumerudi nayo hapa nyumbani.

Siku ya pili tulipanda tramu namba 71 mpaka makaburi makuu ya mji, yaliyofunguliwa 1874. Wenyeji wakitaka kusema mtu amekufa husema amepanda 71. Na si mzaha mtupu, maana wakati wa homa kuu ya 1918, na tena wakati wa vita vya pili, tramu zilibeba majeneza. Wageni huenda kutazama kaburi la Beethoven na la Schubert. Tuliyatazama, kisha tukatafuta la Adler. Alikufa tarehe 11 Novemba 1918, siku moja kabla ya jamhuri kutangazwa. Kaburi lake ni la jiwe, halina mapambo mengi, na siku ile halikuwa na mtu ila sisi watatu na mfagiaji wa majani.

Ramani ya njia zote za tramu tumeileta, iko mezani kwa Katibu. Mnaweza kuitazama, lakini tafadhali msiichore, ni hiyo moja tu. Sasa tuko tayari kwa maswali.