Kinyonga Niliyemchana

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wahitimu katika mkutano wetu wa mwaka, Matombo)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida za elimu. Mniwie radhi, nitasema juu ya picha.

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Nilipopata nafuu, mjukuu wangu alinipeleka Oysterbay kwenye maonyesho ya wachoraji wa Tingatinga. Nilidhani tutapita tu, kumbe tulikaa mpaka adhuhuri. Tembo wa buluu, twiga wekundu, ndege wenye madoa kama kanga ya sikukuu! Wachoraji wenyewe walikuwa kazini. Kwanza huupaka ubao rangi moja, huuacha ukauke, ndipo humchora mnyama. Madoa huja mwisho.

Mbele ya ubao mmoja miguu iliniisha nguvu. Ulikuwa na picha ya kinyonga.

Ndugu zangu, nimefundisha hesabu miaka 31. Siku moja, katika shule nyingine ya milima hii, nilimkuta mwanafunzi amechora kinyonga nyuma ya daftari lake, pembe puani, mkia umejikunja. Niliuchana ukurasa ule mbele ya darasa, nikamwambia kwamba picha hazimpi mtu ugali. Hakuchora tena mbele yangu.

Sasa sikilizeni habari za mwenye jina lile. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengine. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama. Picha zake ziliuzwa penye maduka ya Oysterbay yaliyoitwa Morogoro Stores. Kwa hiyo hata jina letu lilikuwapo! Aliwafundisha jamaa na rafiki zake, akina January Linda na Adeusi Mandu. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na picha za namna yake zimenunuliwa mpaka Ulaya na Japani. Nyumba ngapi zimekula ugali kwa picha zile? Hesabu hiyo mwalimu wa hesabu aliikosa.

Niliporudi nilinunua mbao na rangi Morogoro mjini. Picha yangu ya kwanza niliiharibu kwa haraka: sikungoja rangi ya chini ikauke, ya juu ikateremka yote. Mke wangu aliuliza kama yule ni mjusi aliyenyeshewa. Ya tatu ndiyo hii niliyoishika. Msicheke sana.

Ili nimchore kinyonga ilinibidi nimtazame. Asubuhi tatu nilisimama chini ya mkarafuu wangu. Niliona jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma, kila moja kwa safari yake. Nimeishi na viumbe hawa tangu utoto, sikuwahi kuliona jambo hilo. Na milima yetu ya Uluguru ina aina za kinyonga zisizopatikana kwingine kokote duniani. Mtoto yule alikuwa amemwona wake vizuri kabla yangu, nami nikamchana.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimeleta vipande 20 vya ubao na makopo sita ya rangi. Wagawie vijana wanaochora nyuma ya madaftari. Walimu wao wanawajua. Hesabu wafanye, tena vizuri. Lakini ukurasa wa nyuma usichanwe.

Sijui mwanafunzi wangu yuko wapi leo. Maneno haya yakichapwa katika jarida letu, naye akayasoma, namwambia: samahani, mwanangu. Pembe zile ulizipatia. Mimi bado zinanishinda.