Kuku, Askari na Mizani ya Mtazamaji



Majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika yaliyofanywa Vugiri, Tanganyika, 1935 hadi 1937 mnayafahamu, na kuundwa kwa Kitengo cha Filamu za Makoloni mwaka 1939, Waingereza walipotaka makoloni yao yaunge mkono Vita vya Pili vya Dunia, mnakufahamu pia. Sitayarudia. Leo nina ugomvi na hadithi moja tu, ile ya kuku, kwa kuwa bado inafundishwa kana kwamba ni ushahidi.

Inasimuliwa hivi. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya dakika tano hivi kuhusu usafi. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba filamuni mlikuwa na kuku. Walipoikagua picha moja moja wakamkuta, amekatiza pembeni kwa sekunde moja. John Wilson, mmoja wa waliowaonyesha na kuwahoji, ndiye aliyeisimulia, Marshall McLuhan, msomi wa mawasiliano wa Kanada, akaieneza katika kitabu chake cha 1962, na tangu hapo imetumika kuthibitisha kwamba Mwafrika hakuweza kuisoma filamu. Imani hiyohiyo ilikuwa imemwongoza William Sellers, aliyekiongoza kile kitengo, kudai filamu za Waafrika ziende polepole na ziepuke mbinu za kamera.

Tuupime ushahidi. Walioulizwa walikuwa thelathini na ushei. Kuku lilikuwa jibu lao la kwanza, la harakaharaka. Walipododoswa zaidi, ikabainika kuwa yule mtu aliyekuwa akifanya usafi walimwona pia. Wilson mwenyewe alikiri hayo, lakini wanaomnukuu huyaruka. Kundi la kulinganisha halikuwepo. Na anayeulizwa ameona nini hutaja kilichomshtua, kwa kuwa hakuombwa muhtasari.

Nina mfano wa nyumbani. Gari la sinema lilipofika kijijini kwetu na filamu ya vyoo, marehemu shangazi yangu alirudi nyumbani akizungumzia mahindi yaliyoonekana nyuma ya nyumba, jinsi yalivyostawi. Mpimaji angeandika kwamba hakuelewa. Shangazi alikuwa na choo kizuri tangu zamani. Alichokosa ni mbegu.

Sasa naomba subira yenu, maana nimefika kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika uwanja huu, kinachoonyesha jinsi mtazamaji anavyopimwa kwa uangalifu: utafiti wa Carl Hovland, Arthur Lumsdaine na Fred Sheffield uliochapishwa mwaka 1949. Waliwachunguza askari wa Marekani walioonyeshwa filamu za mwongozaji Frank Capra za mfululizo wa Why We Fight, zilizotengenezwa kuwaeleza kwa nini wanapigana. Tazameni umakini wao. Vikosi vingine vilionyeshwa filamu, vingine havikuonyeshwa. Hojaji hazikuandikwa majina, tena zilitolewa kama uchunguzi wa kawaida, ili askari asihisi kwamba filamu ndiyo inayopimwa. Kwa The Battle of Britain, filamu ya mfululizo huo kuhusu vita vya angani juu ya Uingereza, walipima wengine baada ya siku tano, wengine baada ya wiki tisa. Matokeo? Askari walijifunza mambo mengi kuhusu vita vile vya angani. Maoni yao yalibadilika kidogo, mengine yakaongezeka nguvu kadiri wiki zilivyopita. Ari ya kupigana, ambayo ndiyo iliyokusudiwa, karibu haikutikisika.

Nakubali kwamba mgeni wa sinema huhitaji kuizoea. Hilo ni kweli popote duniani. Lakini askari hao walikulia kwenye majumba ya sinema, na bado filamu haikuwasukuma kutaka kupigana. Hakuna aliyesema Mmarekani hajui kusoma picha. Kushindwa kwa filamu Marekani kulihesabiwa kuwa matokeo ya utafiti. Barani Afrika kukahesabiwa kuwa upungufu wa mtazamaji.

Mimi nashikilia kwamba kila mtazamaji huja na mizani yake, na filamu huwekwa juu yake pamoja na ardhi, mshahara na watoto. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma wakati wa vita hivyo alikuwa na mengi ya kupima ambayo filamu haikuyagusa.

Kwa hiyo nawasihi watafiti vijana: mkifungua ripoti yoyote ya wakati wa ukoloni, ulizeni kwanza aliyehoji alikuwa mwajiriwa wa nani, alihoji kwa lugha gani, na aliyejibu angepoteza nini kwa kusema kweli. Bila majibu hayo, ripoti inatueleza habari za mpimaji peke yake.