Onyo la Breki za Trela: Anza Kwenye Plagi

Leo tunasema hasa na wenzetu wa kisiwa cha Mafia, kuanzia Kilindoni, Baleni na Kirongwe hadi Bweni. Lakini hata wewe uliye kwingine pwani, tega sikio, maana upepo wa chumvi ni ule ule.

Tuseme wewe, au kikundi chenu, mna gari kubwa la kisasa linalovuta trela kutoa nazi shambani. Nazi 500 zilizofuliwa zaweza kufika kilo 300 na zaidi, bado uzito wa trela yenyewe. Mzigo huo hulisukuma gari kwa nyuma, na breki za gari peke yake huchelewa kulisimamisha. Ndiyo maana trela nzuri ina breki zake. Sasa siku moja unawasha gari, na kwenye dashibodi panatokea onyo kwamba nyaya za trela zina hitilafu. Utafanyaje?

Wapo wanaopuuza wakaondoka na mzigo. Jamani, barabarani mna watoto wa shule na wazee wenye baiskeli! Wapo pia wanaokimbilia kuagiza kifaa cha bei kubwa kutoka Dar es Salaam. Kinavuka bahari, fedha za nazi zinakwisha, na onyo linabaki pale pale. Njia zote mbili si sawa.

Kwanza tuelewe breki za umeme zinavyofanya kazi. Ukikanyaga breki, kifaa kilichomo ndani ya gari hupeleka umeme nyuma kwa waya. Umeme ukifika kwenye magurudumu ya trela huamsha sumaku. Sumaku hung'ang'ania ngoma inayozunguka, ikavuta mkono unaotanua viatu vya breki. Njia hiyo ya umeme ikikatika, gari hutoa onyo. Kwa hiyo onyo halina maana kwamba lazima breki zimekwisha. Mara nyingi kasoro iko njiani, na kwetu pwani adui wa njia hiyo ni chumvi.

Haya, fuata hatua hizi.

Kwanza, hakikisha ni onyo lipi. Ikiwaka taa nyekundu ya breki za gari lenyewe, simama. Tazama kama breki ya mkono imeachiwa, kisha tazama mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, usiondoke, mwite fundi.

Pili, ikiwa onyo ni la trela, zima gari na uchomoe plagi. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe kwenye vijiti vyake, sugua kwa msasa laini, pangusa, kisha uirudishe mpaka ikamate. Tazama na tundu la upande wa gari.

Tatu, tafuta waya unaorudisha umeme, ule uliofungwa kwenye chasisi ya trela. Fungua skrubu yake, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Usitegemee ndoano ya kuvutia kurudisha umeme. Ina kutu na grisi.

Nne, tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, weka ya kipimo kile kile. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto.

Tano, fuata nyaya chini ya trela, utafute zilipochubuka au kuliwa na panya. Bado hujapata? Fundi mwenye mita apime sumaku za magurudumu moja moja. Iliyokufa ndiyo ya kununua, hiyo tu. Na akibadili plagi, asiunganishe kwa kutazama rangi za waya peke yake, kwani rangi hutofautiana kwa nchi gari lilikotengenezwa.

Onyo likizimika, kazi haijaisha. Nenda mahali tambarare pasipo watu, trela ikiwa tupu, mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa. Tumia kitufe cha mkono cha breki za trela. Ukihisi gari linavutwa nyuma taratibu, vema. Magurudumu ya trela yakijifunga na kuburuza, punguza nguvu ya breki. Usipohisi kitu, usipakie. Iache trela nyumbani, na nazi zibebwe ndani ya gari kidogo kidogo. Safari tatu za salama ni bora kuliko moja ya msiba.

Na nyinyi mnaoteremsha boti kwa trela: chomoeni plagi kabla trela haijaingia majini, na baadaye ioshwe kwa maji baridi ya kisima.

Ndugu wakulima, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwekee desturi ya kuifungua na kuisafisha plagi kila mwezi. Kipande cha msasa ni bei ndogo; kifaa cha kuagiza ng'ambo ya bahari ni mavuno mazima.

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaherini.