Matembezi ya Hisani kwa Wenzetu wenye Usonji

Ndugu wananchi wa Karagwe na Kyerwa,

Tangu mwaka 2012 tuna halmashauri mbili, lakini barabara ya Omurushaka kwenda Nkwenda ni yetu sote. Tutaitembea pamoja kuwachangia wenzetu wenye usonji.

Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye hali hiyo aweza kuchelewa kusema, au kuziba masikio penye kelele. Kwa hiyo naomba jambo ambalo huenda waandaaji wasilipende: pasiwe na ngoma, wala gari la matangazo lisitangulie. Itakuwa ajabu tukiwafukuza kwa vipaza sauti wale tunaotembea kwa ajili yao.

Fedha zitakazopatikana, napendekeza zianzie kwenye nauli. Mzazi anayepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hana budi kusafiri mbali na mtoto asiyevumilia basi lililojaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya elimu, nauli haimpi.

Nawe uliyemficha mwanao ndani, njoo naye. Akichoka njiani, tutaketi naye kivulini mpaka awe tayari.